Kufuli ya Mtu Haivunjwi

Katika kazi yetu kila fundi ana kufuli moja nyekundu na ufunguo mmoja. Kabla hujatia mguu kwenye shimo la lifti unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli yako, unatia ufunguo mfukoni, kisha unaning'iniza kibao kinachosema USIWASHE, MTU YUKO NDANI. Ndipo unaingia. Hata aje meneja, hata aje mwenye jengo na hati zake mkononi, kufuli ile haifunguliwi na mtu mwingine ila wewe uliyeifunga. Kanuni hiyo ndiyo ya kwanza kufundishwa fundi mpya, na wengi wao niliwafundisha mimi, kwa ukali, maana mimi si mtu wa kubembeleza. Niliwaambia kufuli ya mtu haivunjwi, na asiyetaka kulielewa hilo akauze maandazi.

Nilikuwa msimamizi kwa miaka saba. Majengo kumi na moja, mafundi sita, na simu moja isiyojua Jumapili wala msiba. Lifti ikikwama popote, anayepigiwa ni mimi. Zikikwama mbili kwa mpigo, anayetukanwa mara mbili ni mimi. Nilikula nimesimama na kulala na viatu karibu. Kila shimo la lifti nililijua kwa harufu yake, lakini siku nilipompeleka mwanangu kwa daktari wa meno na karani akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi, nilijibu la tatu. Mtoto akanitazama, akamgeukia karani, akamwambia aandike la nne. "Huyu ni baba yangu," akasema, "ila hana habari."

Mtoto huyo tunamwita Hakimu. Tangu alipojua kuongea ni mtu wa kuhukumu. Ukivunja kikombe anakuita, anakusomea kosa lako, anakuuliza kama una la kusema, halafu anakutia hatiani bila kujali ulichosema. Ana miaka tisa sasa na hajawahi kumwachia mtu huru.

Nilikuwa nimempa kufuli yangu ya zamani achezee, pamoja na ufunguo wake, na kanuni zote nilikuwa nimemfundisha. Jumapili moja nilisinzia kitini baada ya kula. Nilipoamka nilikuta kipande cha boksi kimening'inia shingoni mwangu kwa uzi wa mama yake, kimeandikwa kwa kalamu ya rangi: USIWASHE, MTU YUKO NDANI. Nilicheka mpaka machozi. Mara simu ikalia, nikakivua, nikaenda zangu. Nikiwa ngazini nilimsikia akimuuliza mama yake kama kweli mle ndani kuna mtu. Nilikwenda kuikwamua lifti yangu, lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na Jumatatu asubuhi nilimwendea meneja nikamwambia nataka kushuka cheo. Nataka jengo moja, kazi ya mikono yangu, niingie saa moja asubuhi na kutoka saa kumi.

Mafundi walinicheka wiki nzima. Walisema fundi wa lifti ameamua kushuka kwa ngazi. Meneja hakucheka, alitabasamu tu, na mimi watu wa tabasamu siwaamini. Alisema hana kinyongo, ila kwake mtu hashuki mpaka apatikane wa kupanda. Nimtafute mwenyewe.

Nikamtafuta Mpole. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mikono mizuri kuliko yetu sote, fundi wa kuweka sikio kwenye mlango wa lifti na kukuambia ni kitu gani kimelegea. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yao ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja. Hakutaka. Nilimbembeleza, mimi nisiyejua kubembeleza, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunakula, aliniuliza ana kwa ana.

"Kaka, niambie ukweli. Hii kazi mtu anaifanya na bado anakuwa na nyumba?"

"Ni kazi nyepesi ukiijulia," nikamjibu. "Mimi nimechoka tu, uzee."

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wao walimsema mtu asiyeujua uzito. Mimi niliujua. Niliubeba miaka saba, halafu nikamtwika mwenzangu nikimwambia ni usufi. Nilimuuzia mbuzi kwenye gunia mchana kweupe. Na aliniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha asiamini swichi yoyote ambayo hajaifunga mwenyewe.

Nisiwadanganye, miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Nilisimama kwenye geti la shule na akina mama, wakanizoea, wakaanza kunisimulia habari za waume zao. Nilijua Hakimu anaogopa kuogelea, anapenda kugawanya na anachukia kuzidisha. Nyumbani nilianza kwa kuwa kero. Mke wangu hushona mashuka ya hoteli, cherehani iko sebuleni, na wiki ya kwanza nilimpangia nyuzi zake kwa rangi. Alizitafuta asubuhi nzima, akaniambia ni afadhali nirudi majengoni. Baadaye tulizoeana upya. Kuna jioni nilimkuta ananitazama tu, sindano mkononi, nikaona haya kama kijana.

Hakimu alitunga sheria ya simu. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili, simu yangu inaingia kwenye kisanduku cha nyuzi, komeo linafungwa kwa kufuli yake, na ufunguo anakaa nao yeye. Siku ya kwanza nilinung'unika. Akanikumbusha kanuni, neno kwa neno, kwa ukali wangu mwenyewe. Nikakubali yaishe, na baada ya wiki nilikuwa naisubiri saa kumi na moja kuliko mshahara.

Mpole mwanzoni alinipigia kila siku, nami nilimpigia asubuhi kumjibu. Baadaye akapunguza, na mimi nikajiambia ameizoea kazi. Mwezi wa saba tangu nishuke tulikutana stoo tukichukua vipuri. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, kwa jinsi kiuno kilivyoisha. Nikamuuliza habari za mtoto. Akajibu wanasema ameanza kujigeuza. Wanasema. Neno hilo nililisikia vizuri sana, kwa sababu nami nimewahi kulea mtoto kwa kusimuliwa. Palepale ningeweza kumkalisha chini na kumwambia kitu. Nikamwambia awasalimie nyumbani, nikatazama saa, nikakimbilia geti la shule.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane tangu nishuke. Tulikuwa tunacheza drafti, mimi na Hakimu, mama yake yuko kwenye cherehani. Kisanduku kikaanza kutetemeka. Kikanyamaza, kikatetemeka tena. Mara ya tatu mke wangu alisimamisha cherehani.

"Baba Hakimu, huyo ana shida."

"Kampuni ina msimamizi wake," nikasema, tena kwa raha.

Hakimu hakuinua hata macho. Akasema kufuli ya mtu haivunjwi, akasogeza kete yake. Simu ikatetemeka mara ya nne, kwa muda mrefu, kisha ikatulia. Hakimu alinila kete mbili kwa mpigo na nikajifanya nimekasirika. Hiyo ndiyo jioni yenyewe, na ilikuwa nzuri. Mpaka leo naona uchungu nikikumbuka jinsi ilivyokuwa nzuri.

Saa mbili tulipofungua, Mpole alikuwa amenipigia mara nne. Meneja alikuwa amepiga mara moja, na meneja hapigi simu mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi, nilivyosimuliwa na walinzi. Mchana ule Mpole alikuwa upande wa pili wa mji, jengo la ghorofa tisa, ameifunga swichi kwa kufuli yake kama inavyotakiwa. Akapigiwa simu kwamba kwenye jengo lililo karibu na nyumbani kwangu kuna mama mtu mzima amekwama ndani ya lifti na pumzi zinampungukia. Mafundi wengine wote walikuwa shimoni. Akaacha vyote akakimbia, na kufuli akaiacha kwenye swichi ya kule, ikilinda shimo lisilo na mtu. Kosa hilo huwezi kulifanya ukiwa na jengo moja. Ukiwa na kumi na moja, utalifanya tu siku moja.

Alipofika akakuta hana cha kufungia. Alizima swichi, akabandika kibao kwa gundi ya karatasi, akamweka mlinzi asimamie. Akanipigia. Kutoka kwangu ni dakika kumi kwa miguu na kufuli yangu ilikuwa ndani ya begi, nyuma ya mlango. Alipiga nne, akaona yule mama anazidiwa, akaingia. Akamtoa yule mama salama. Kisha akabaki shimoni kutafuta kilichoharibika, maana Mpole hakuwahi kuacha kazi nusu. Saa kumi na mbili walinzi wakabadilishana zamu. Anayetoka alisahau kumwambia anayeingia. Anayeingia akakuta swichi imezimwa, kibao kimeanguka, wapangaji wanapiga kelele wamechoka kupanda ngazi. Akawasha.

Mguu wa kulia ulisagika chini ya goti. Madaktari walisema watauokoa, lakini habari za kupanda mashimoni azisahau.

Asubuhi ya Ijumaa meneja alinipigia mapema. Hakuanza na Mpole. Alianza na lile jengo la ghorofa tisa, kwamba lifti imezimwa tangu jana kwa kufuli ya mtu aliyelazwa na wapangaji wamekuja juu, kwa hiyo nichukue mkasi wa chuma nikaikate. Nilimtukana. Sijivunii, ila nilimtukana. Kisha nikamwambia nakwenda kuchukua ufunguo kwa mwenyewe.

Nilimkuta Mpole macho yako wazi, uso umepauka. Mkewe alikuwa kando ya kitanda na mtoto begani, akanikaribisha kwa heshima, akaniita shemeji, akanishukuru kwa kuja. Alisema mume wake hunisifu sana, kwamba mimi ndiye niliyempa nafasi. Nilitazama sakafu. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na ovaroli aliyokatwa mwilini, na ilibidi shemeji apapase kila mfuko wa nguo ile kuutafuta.

"Nilikupigia," Mpole akasema.

"Najua."

"Sikutaka uje kunifanyia kazi, kaka. Nilitaka kufuli yako tu."

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakaniisha. Nilitaka kumwambia kwamba ile siku ya ngazini nilisema uongo, na kwamba niliusema nikiujua. Shemeji akanipa ufunguo na kuniombea safari njema. Nikaondoka kama mwizi.

Nilikwenda nikaifungua ile kufuli, lifti ikaanza kupanda na kushuka kana kwamba hakuna lililotokea. Nikapitia ofisini. Meneja alinipa pole, akatabasamu, akasema nafasi ya msimamizi iko wazi na ni yangu nikiitaka. Nilimwambia majengo kumi na moja ni kazi ya watu watatu, aigawe. Akasema tutaangalia. Neno hilo nalijua, nimelitumia nyumbani kwangu miaka saba. Akaongeza kwamba nisipotaka mimi hanilazimishi, maana yupo Mchekeshaji. Huyo ni fundi mwenzetu, baba wa mapacha, mtu wa mizaha asubuhi mpaka jioni.

"Nimeshaongea naye," meneja akasema. "Nimemwambia ni kazi nyepesi ukiijulia."

Sijui aliyasikia wapi maneno hayo. Labda Mpole aliwahi kuyataja ofisini, akijilaumu kwamba yeye ndiye hajaijulia. Nikaenda nyumbani nikiwa nimekata shauri moja tu, kwamba sirudi. Yangu nimeshayalipia. Kila mtu atajijua na zigo lake.

Nilimkuta Hakimu amekaa mbele ya ubao wa drafti, kete hazijapangwa. Katikati ya ubao aliweka kufuli yake na ufunguo wake. Mama yake alinikonyeza nisiseme kitu. Mtoto hakuwa amekula tangu arudi shule.

"Nina hatia," akasema.

Nikamuuliza kosa gani. Akasema yeye ndiye aliyemvunja baba mdogo Mpole mguu. Simu ililia mara nne, yeye akakataa kufungua, na kama angefungua ningekwenda na kufuli. Alishapiga hesabu zake zote. Aliongea bila kulia, kwa sauti ileile anayosomea watu makosa yao, na nikaona kwamba nisiposema kweli sasa, mtoto huyu ataubeba mguu wa Mpole maisha yake yote, kwa sababu ya mchezo niliomfundisha mimi.

Nikakaa chini sakafuni. Nikamweleza kwamba Mpole aliniuliza kama kazi ni nzito, nami nikamwambia ni nyepesi.

"Ulijua ni nzito?"

"Nilijua."

"Ukamdanganya ili uje ucheze na mimi?"

Ningeweza kumpunguzia hapo. Ningesema nilichoka, nilikuwa naumwa mgongo, mambo ya watu wazima. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipolia, na mama yake akaja akambeba ingawa ni mzito sasa, akanitazama juu ya kichwa chake kwa macho ambayo sikuwahi kutazamwa nayo tangu tuoane. Yeye pia hakuwa anajua.

Hakimu alipotulia aliuliza kama nimemwambia baba mdogo. Nikasema bado. Akasema basi kesi haijaisha.

Jumamosi nilirudi hospitali, naye nikampeleka, maana aligoma kubaki. Nilisema yote mbele ya shemeji, bila kuzunguka. Shemeji alinyanyuka na mtoto wake, akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Hakuniita shemeji tena siku ile. Nilitegemea Mpole anitukane, na ningeshukuru. Alitazama mguu wake uliofungwa, akamtazama Hakimu, kisha akauliza nani anawekwa mahali pake. Nikamtajia Mchekeshaji.

"Yeye usimwambie hivyo," akasema.



Jioni ile niliwaita mafundi wote. Niliwaeleza kazi ya msimamizi ilivyo, saa kwa saa, simu kwa simu, mpaka darasa la mwanangu nisilolijua. Mchekeshaji hakutoa mzaha hata mmoja. Tuliandika barua kwamba hakuna atakayesimamia majengo zaidi ya manne, tukatia sahihi sote. Jumatatu meneja aliisoma, akatabasamu, akasema tutaangalia, akataka tungoje jibu miezi miwili. Nikamuuliza katika miezi hiyo miwili nani atajibu simu. Akasema hilo ni letu kuamua. Watu wanakwama kwenye lifti kila siku, na kati ya wote tuliosimama pale, aliyekuwa amekula miezi minane ya mwenzake ni mmoja tu.

Nikachukua simu. Miezi miwili, nikaandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika juu ya cherehani ili wote waione. Mke wangu aliisoma, akauliza wakikataa kugawa itakuwaje. Nikamwambia nitaacha kazi kabisa, lakini sitamtafuta mtu wa kupanda. Alisema sawa, kwa namna ambayo haikuwa sawa, akakanyaga cherehani.

Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni navaa viatu, Hakimu akaja na sare zake za shule. Alinipa kufuli yake na ufunguo wake. Alisema nizibebe kufuli zote mbili, yake na yangu, nikiisahau moja kwenye jengo niwe na nyingine.

"Na kisanduku utafungia nini?" nikamuuliza.

"Kisanduku hakina mtu ndani," akasema.

Nikazitia zote mbili kwenye mkanda. Simu ilianza kulia kabla sijamaliza ngazi.